Mashine Iliyoshika Jina la Mwisho

Vijana, ninyi mtakaosoma haya, kaeni kitako vizuri kwanza, maana sipendi maneno yangu yasomwe na mtu aliyelala chali. Juzi niliporudi kutoka Minjila na vumbi mpaka magotini, mliniuliza kwa nini bibi wa Ngao, mwimbaji wa kwaya, ametoka asubuhi bila chai kwenda kukaa matangani kwa Waorma. Mmoja wenu, simtaji, alisema kwa sauti ya chini akidhani sisikii, "Huyo mzee Guyo si ndiye Bibi alikuwa akimsema kila siku?" Ndiye. Nilimsema miaka mingi, na nilikuwa na sababu. Sasa amezikwa. Nimekaa na dada zake kwenye mkeka, nimekunywa chai yao yenye maziwa mengi, na walikuwa wakinitazama kwa pembe ya jicho kama nilivyokuwa nikiwatazama wao. Basi nitawaandikia habari za mwaka ule wa tisini na nane. Sitaanza na nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani. Hayo mnayajua, na asiyeyajua amuulize mwenzake.

Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamekwisha kuchukua migomba, mahindi na mpunga wetu wote, na shamba la ukingoni lilibaki tope lililopasukapasuka. Nikaenda Garsen kupika katika ofisi ya mradi wa kutoa tahadhari ya mto. Pale Ngao nilimwacha mume wangu Buya, mama yangu ambaye miguu ilikuwa imemkataa, na watoto. Jumamosi nilirudi nyumbani, Jumatatu nikawa jikoni tena. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mawe, na nyuma yake jiko la mabati. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari wa tope kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Walipaka chokaa, mstari ukatokea, wakapaka tena, ukatokea. Chumba cha mbele kilikuwa na redio ya kuzungumzia, na kando yake kompyuta niliyoifunika leso yangu kwa ajili ya vumbi. Kati yao palikuwa na kisanduku cheusi chenye waya. Hicho ndicho kilichochukua mambo ya kompyuta na kuyapitisha kwenye redio, na kilipokuwa kazini kililia kama paka aliyebanwa na mlango. Kompyuta kama ile zilikuwako Minjila, Ngao na Kipini. Kila asubuhi mtu wa Madogo, kule juu ng'ambo ya Garissa, alisoma kimo cha mto na kukitaja redioni. Kila kituo kiliingiza hesabu hiyo kwenye mashine yake, nayo ikajibu neno moja tu: salama, au hameni.

Lakini mto ulikuwa si ule tena. Mafuriko yalijaza mchanga hapa, yakakata ukingo pale, na kimo ambacho zamani kilikuwa cha kuogea watoto sasa kilitosha kuingiza maji vitandani. Mashine hazikujua hilo. Programu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya mto wa zamani, kwa hiyo ingesema salama huku maji yakiwa mlangoni. Ndipo Mhandisi wa mradi akaja kutoka Mombasa na programu mpya kwenye diski, akamwonyesha Guyo, mtu wetu wa redio pale Garsen, namna ya kuipeleka vituoni kwa kile kisanduku kinacholia, akala wali wangu, akasifu, akaondoka. Kazi ikabaki kwa Guyo. Na Ngao, aliyeketi mbele ya mashine kuipokea alikuwa Buya wangu, ambaye walimfundisha kuwasha, kuzima na kuingiza hesabu, basi. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kutoka majini. Mama hawezi kutembea. Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa nikiinua sufuria huku sikio moja likiwa chumba cha mbele.

Guyo alikuwa kijana mrefu, Mworma, shati lake limenyooshwa hata siku za matope. Tangu wiki ya kwanza sikumwamini. Nilipika kambare wa nazi, akasukuma sahani kwa kidole kimoja. "Mama Abio, mimi samaki sili." Nikamuuliza kama ni dini. "Si dini. Sisi watu wa ng'ombe hatuli tu." Nikamjibu kwamba ng'ombe wao wanakula mpunga wetu na sisi hatujawahi kusukuma sahani. Akacheka. Mimi sikucheka. Nikawa nampikia maharagwe peke yake, naye hayagusi mpaka mwingine ameonja sufuria ile ile, au ndivyo nilivyoona mimi. Mdogo wake alikuja karibu kila siku kutoka Minjila kwa baiskeli, na maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, wakasimama dirishani wakisema Kiorma. Walidhani mwanamke wa Kipokomo na mwiko wake hasikii. Kiorma cha sokoni ninakijua tangu utoto, cha kununua samli na cha kutukanana, na nilisikiliza kila neno. Walizungumza ndama, mvua, mama yao mwenye kikohozi. Nikasema moyoni, leo wamezungumza ndama, kesho watazungumza mashamba yetu.

Guyo alipeleka programu. Nilimwona akiketi, akichapa, kisanduku kikalia muda wa kuivisha maharagwe, kisha kioo cha mashine kikaandika kwamba kazi imekwisha, hakuna kosa. Akaita kwa redio. Kipini wakajibu kwanza. Kule alikaa mzee mmoja mcheshi, Bwana Shee, mwenye Kiswahili cha kupendeza kama halua. "Yamewasili, kijana wangu, yamewasili! Mashine ina sura mpya kama bibi harusi." Minjila hapakuwa na jibu, kwa sababu msimamizi wa kule alikuwa Malindi kwenye msiba na chumba kilifungwa. Halafu sauti ya Buya, "Hapa Ngao hakuna kitu. Kioo ni kile kile cha zamani." Guyo akamwambia azime, awashe. Akazima, akawasha. Kile kile. Kesho yake Guyo akapeleka tena. Mashine ikasema imekwisha, Kipini wakapata, Ngao patupu. Mhandisi akapigiwa simu kutoka posta, naye akasema kosa ni la mtu wa Ngao, mashine ikisema imekwisha imekwisha, huyo labda analala ikilia. Guyo alilirudia neno hilo mbele yangu, sijui kwa ujinga au kwa ubaya. Nikamwambia, "Mume wangu halali mchana. Anayelala mchana hapa nimjuaye ni ng'ombe." Hakucheka siku hiyo.

Jumapili baada ya ibada, mlangoni mwa kanisa Ngao, sikuwa na haja ya kumchokoza mtu. Kila mmoja alikuwa na lake. Mwanamke mmoja, jirani yetu, alisema waziwazi, "Kipini wanapata mara mbili, sisi hata mara moja. Mhandisi ameoa Kipini, hamjui? Anawalinda wakwe zake." Mwingine akasema hapana, hilo si la Mhandisi. "Kijana wa Kiorma ndiye anabonyeza. Maji yakitufagia sisi, nani atabaki na bonde? Hesabu ni rahisi." Mume wangu alisimama pembeni ameshika kofia, maana walio karibu na kanisa walikuwa wakimtazama yeye pia, kana kwamba amepewa kitu anyamaze. Jioni aliniambia, "Mama Abio, wewe ndiye uko mle ndani. Angalia vidole vyake." Nikaangalia. Wiki zile nilifagia chumba cha mbele kuliko kilivyofagiwa tangu kijengwe.

Siku hizi mjukuu wangu wa Mombasa, anayelipwa kwa kuketi na mashine kama hizo, ameniambia jambo lililonirudisha mwaka ule. Anasema chombo cha kupelekea programu unakipa amri, na ndani ya amri unaweka kistari na neno, kisha jina la mahali. Ukitaka mahali pengine, watu wengi huweka tena kistari kile kile, neno lile lile, na jina lingine. Ukirudia hivyo, anasema, kila chombo kina tabia yake. Kuna kinachokusanya majina yote. Kuna kinachotupa ya nyuma na kushika la mwisho. Na kuna kinachokataa kabisa, kinakufokea kwamba umesema jambo moja mara mbili. Nikamuuliza watu hupenda kipi. Akasema hupenda kinachokusanya, au angalau kilichoandikwa wazi tabia yake. Nikamwambia mimi nakipenda kinachofoka. Mtu akikufokea unajua umesimama wapi. Anayeitikia ndiyo, ndiyo, imekwisha, huku amekusikia neno moja katika matatu, huyo simtaki jikoni kwangu wala karibu na watoto.

Lakini mwaka ule hakuna aliyetuambia hayo. Mvua za masika zilianza kunyesha huko juu, na asubuhi moja mtu wa Madogo akasema mto unapanda haraka, umeshaingia mabustani ya upande wa chini. Guyo akaandika hesabu, akaita vituo. Minjila chumba kilikuwa bado kimefungwa. Kipini, penye programu mpya, mashine ikasema hameni, na Bwana Shee akasikika akiwaita watu kabla hajaachia kitufe cha redio. Ngao, Buya akasema, "Hapa inasema salama." Niliacha unga nusu umekorogwa, nikaingia chumba cha mbele na mwiko mkononi, nikasimama nyuma ya kiti.

"Iandike Ngao nikiona," nikasema.

"Mama Abio, naandika kila siku."

"Kila siku sikuwa hapa. Leo nipo."

Darasa la tatu nilifika, majina ya vijiji vyetu nayasoma. Akachapa polepole kama anayemfundisha mtoto: kistari, neno la Kizungu, Minjila. Kistari, neno lile, Ngao. Kistari, neno lile, Kipini. Kisanduku kikalia. Tulingoja. Sikukaa. Mashine ikasema imekwisha. Kipini wakaita wenyewe, Bwana Shee hana furaha tena, "Jamani, mbona mwatuletea kitu kile kile? Sisi tuna maji ya kukimbia." Ngao hakuna.

Nikamwambia aweke Ngao mbele, Minjila isubiri. Akaniangalia. Minjila ni kwao, mama yake yuko pale. Nilitaka nione kama atakataa. Hakukataa, akachapa Ngao kwanza, kisha Minjila, kisha Kipini, na mashine ikalia, ikasema imekwisha, Kipini wakapiga kelele na Ngao hakuna. Jasho lilikuwa limelowesha lile shati lililonyooshwa. Unga wangu jikoni ulikuwa umekwisha kushika chini, harufu ikaingia mpaka pale.

"Iite tena," nikasema. "Mtu asiposikia huitwa mara ya pili."

"Nimeshaiandika, Mama! Iko pale mbele, unaiona!"

"Iite tena, we Guyo. Au kidole kinakuuma kwa jina hilo?"

Hapo alikasirika. Kijana yule mpole nilimwona mara moja tu amekasirika, ndiyo siku hiyo. Akachapa kwa kugonga, "Haya! Ngao mbele, Minjila, Kipini, na Ngao tena nyuma. Umeridhika? Niiandike na ubavuni?" Akabonyeza. Kisanduku kikalia. Tulikuwa hatutazamani. Muda ulipita, halafu redio ikakwaruza, na ilikuwa Buya, sauti imepanda. "Kuna kitu kinaingia! Mama Abio, kioo kinabadilika!" Nami kabla sijamjibu, Kipini nao, "Sasa leo mbona kimya? Mmetuchoka?"

Guyo akaondoa mikono kwenye mashine, akaiweka mapajani kama aliyegusa moto. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Haikusanyi. Inashika la mwisho." Akaeleza akitazama kile kioo. Mhandisi alipomfundisha alimfundisha kwa jina moja tu. Yeye akaongeza majina kama mtu yeyote wa mto anavyotaja vijiji, kwa kufuata maji, wa juu kwanza, wa chini mwisho. Ndivyo sisi sote tunavyotaja, Mpokomo, Mworma, Mgiriama. Hata kanisani matangazo ya msiba husomwa hivyo. Na kwa kuwa tunafuata maji, wa mwisho ni Kipini siku zote. Mashine ilikuwa ikitupa Minjila, ikitupa Ngao, ikishika Kipini, halafu ikisema imekwisha, na kweli kwa upande wake ilikuwa imekwisha. Kama siku moja tu mtu angetaja vijiji ovyo, tungejua mapema. Hakuna aliyetaja ovyo.

Mtadhani hapo nikaamini. Sikuamini. Nilijiambia, mtu mwerevu anaweza kujua hili tangu mwanzo na kujifanya ameshtuka. Kilichofuata redioni kilizidisha. Buya akaingiza hesabu ya Madogo kwenye programu mpya, mashine ikamwambia hameni. Kisha akasema, na mnajua redio ile kila mtu anasikia, "Asubuhi inasema salama, saa hii inasema hameni, na mto mimi nauona hapa, bado uko chini. Ipi inadanganya? Mama Abio, majirani wako hapa mlangoni. Wanasema huyo Mworma sasa anataka tuache mashamba ng'ombe waingie." Guyo alisikia kila neno. Alisimama, akaenda dirishani, maana mdogo wake alikuwa amefika na maziwa.

Nami nikasikiliza, kama nilivyosikiliza siku zote. Alimwambia kwa Kiorma, haraka, bila kugeuka kuona nani yuko nyuma. Alisema mwage hayo maziwa, usipoteze muda. Alisema Minjila programu haijafika, kwa hiyo hata chumba kikifunguliwa mtu asiisikilize mashine. Alisema ndama wasilale bondeni leo, wapandishwe barabarani. Alisema mchukue mama, akatae asikatae, umfunge mgongoni kwa shuka. Mdogo wake akamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nimekosea wiki zote hizi, leo sijakosea." Kile kibuyu kilimwagwa pale chini ya dirisha, maziwa yakaingia mchangani, na baiskeli ikaondoka. Mtu wa ng'ombe hamwagi maziwa ili kumdanganya mpishi.

Sikumwomba radhi, wala yeye hakuniomba. Kama nisingemshuku, angeendelea kutaja vijiji kwa kufuata maji mpaka tuzikwe. Miaka iliyofuata nilimpikia maharagwe, nikamtazama vidole, na alipopeleka chochote alipeleka kituo kimoja kimoja, na hakusema imekwisha mpaka aliyepelekewa amejibu kwa mdomo wake. Maji yalikuja. Nyumba yetu ya kwanza mnaijua ni ule msingi tu unaokanyagwa na mbuzi. Yalipofika yalikuta vitanda vitupu. Lakini siku ile, nilipokuwa nimesimama pale na mwiko, hayo yalikuwa hayajatokea, mto ulikuwa bado chini, na mume wangu alikuwa akingoja nimwambie nani anadanganya. Nikashika redio, nikabonyeza kitufe, nikasema ili Ngao nzima isikie: "Buya, hapa ni mimi. Usibishane na mtu mlangoni. Mbebe mama mgongoni sasa hivi, Abio abebe mbegu, wadogo washikane mikono, mpande misheni kule juu penye redio yao. Kuku muwaache. Anayetaka kubaki kulinda shamba abaki na lake, wa nyumba yangu habaki hata mmoja. Na mkifika, mama mwenyewe aniambie kwa sauti yake kwamba amefika. Wewe nisikusikie ukisema mmefika. Nataka kumsikia mama."